Chapati za Jua Lisilotoka

Nyumba ya Juu,
Hrafnavík,
Hori za Magharibi,
Aisilandi.

Jumanne, 27 Januari

Mpendwa mdogo wangu Ingileif,

Salamu nyingi kutoka nyumbani, na pole kwa joto, kama joto ni jambo la kupewa pole. Natumaini barua hii inakukuta salama huko Tenerife, na lile goti lako limetulia sasa kwa kuwa halipandi tena ngazi zetu zenye barafu. Na Ormur je, bado anaungua mabega kila Jumapili kwa ubishi wa kukataa kupaka mafuta? Mwambie mumeo kwamba ngozi ya watu wa huku haikuumbwa kuanikwa.

Mimi ni mzima. Nalisema hilo mapema na nakoleza wino, kwa sababu najua umeambiwa vingine. Nakula, nalala, naamka. Mgongo unauma kidogo kwa kuwa tangu juzi napiga koleo theluji ya mlangoni, lakini hayo ni maumivu ya mtu anayetoka nje, na siyalalamikii.

Barua yako nimeipata, pamoja na tiketi. Umeniandikia kwamba chumba kiko tayari na jua linaingia mpaka kitandani bila kubisha hodi. Umeniandikia pia kwamba wewe na binti yangu Eydís mmeshakubaliana: niondoke kesho, tarehe ishirini na nane, nije nikae kwako moja kwa moja, na nyumba hii iuzwe kwa watu wa Reykjavik wanaotafuta pa kukaa wiki tatu za kiangazi. Asante kwa chumba. Jibu langu ni hapana. Sasa kaa chini nikueleze, maana najua utakasirika, na goti lako halipendi ukasirike ukiwa umesimama.

Kwanza nikiri lililo kweli. Majira ya baridi ya mwaka jana yalinishinda. Tulimzika Bergsveinn mwezi wa Oktoba, jua likajificha nyuma ya mlima katikati ya Novemba kama kawaida yake, na mimi nikaingia kitandani. Sikuwa na homa. Nilichoka tu kuamka gizani, kunywa kahawa gizani, na kumsubiri gizani mume ambaye harudi. Mchana nilifunga pazia ili nisione kwamba hakuna cha kuona. Siku ya jua kurudi, mwishoni mwa Januari, ilifika, mtaa mzima ukala chapati kwa jirani yetu Ketill, na mimi sikujua hata ilikuwa lini. Eydís alikuja Februari akaniosha nywele kama mtoto mchanga. Sijisifu kwa hilo, na sitaki kulificha.

Ndiyo maana mwaka huu niliapa kwamba giza halitanikuta nimelala. Tangu Novemba naamka saa kumi na mbili asubuhi, nawasha taa zote, hata ya stoo, nafungua redio kwa sauti ya kuudhi, na nalisalimia giza kupitia dirishani kwa maneno ambayo sitayaandika hapa. Ile taa ya tiba aliyoniletea Eydís, ya kukaa mbele yake nusu saa kila siku, niliijaribu siku nne nikajiona kama kifaranga kwenye mashine. Nimeyapa maua ya dirishani, nayo yananawiri. Mimi naenda bwawani. Naingia kwenye maji ya moto na kofia ya sufu kichwani, theluji inanidondokea puani, nabishana na Ketill juu ya kila kitu anachokijua na asichokijua, na nikitoka damu imeshachemka. Jioni nafuma. Nimefuma soksi kumi na tisa. Ya ishirini naiacha makusudi, ili kesho iwe na kazi.

Sasa tuje kwenye tarehe kumi na moja, ambayo najua Eydís amekusimulia kwa sauti ya msibani. Nikusimulie mimi mwenyewe.

Ilikuwa Jumapili, saa tano asubuhi, nje bado kijivu. Niligeuka kuchukua sukari nikaona mwanga ukutani. Ulikuwa wa manjano, mpana kama kitambaa cha meza, umeangukia pale pale kwenye msumari wa kofia ya Bergsveinn. Unakumbuka jua linavyoingia jikoni kwangu siku ya kwanza: linapita kwenye pengo la mlima, linaupiga msumari ule, na baada ya dakika sita limekwenda. Miaka arobaini na miwili nimesimama pale na Bergsveinn kulingojea, yeye kashika kikombe, mimi mwiko. Sikuangalia saa, ingawa kila mtu hapa anajua jua haliingii kabla ya saa saba mchana. Sikuangalia kalenda pia. Nani anaangalia kalenda jua likiwa ukutani?

Nikakamata simu, maana desturi unaijua: anayeliona kwanza ndiye anayewaita wengine na kuwakaangia chapati za jua. Nikapiga nyumba hadi nyumba, nikapiga kelele kama muuza samaki. Nikavunja mayai kumi na manne. Wakaja watu kumi na mmoja, wamejifunga skafu, kila mmoja na kikombe chake. Nikawapangia chapati laini, jamu ya matunda ya mlimani na krimu. Mwanga bado ulikuwa ukutani, nami nikawaonyesha kwa mwiko, najiona mimi ndiye niliyelitoa jua mfukoni.

Wakakaa, wakala. Hakuna aliyeinua macho. Ketill akautazama ukuta, akaitazama sahani yake, akasema kwa sauti ndogo, "Jua zuri." Halafu tukasikia honi. Mwanga ukateleza kutoka kwenye msumari, ukapita dirishani, ukaondoka. Ilikuwa meli ya watu wanaofuga samaki, ilikuwa imefunga gatini na taa yake mpya ya mbele, kubwa kama pipa, na sasa inageuza kutoka. Wote kumi na mmoja walikuwa wameipita njiani wakija. Siku ya jua ilikuwa bado majuma mawili.

Wangecheka, ningecheka. Ingileif, ningecheka mpaka nikae chini. Lakini hawakucheka. Jófríður, yule msimamizi wa kiwanda cha samaki ambaye hata vyombo vyake mwenyewe humwachia mumewe, alisimama akaosha sahani zangu zote kisha akanibinya bega. Jioni yake Eydís alinipigia simu na kuniuliza leo ni siku gani. Haikupita wiki, barua yako ikawa mezani.

Nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Siku zile niliogopa. Nilijiuliza kama kweli akili yangu imeanza kufungasha virago bila kuniaga. Nilikaa kitandani, mchana, nimevaa viatu, na lile pazia lilikuwa karibu na mkono. Nikaanza kutaja mashua zote za baba, kuanzia ile iliyokuwa ikivuja mpaka ya mwisho, na majina ya mabaharia wake, na nani alikuwa na deni la maneno na nani. Sikukosea hata moja. Nikainuka nikaenda bwawani.

Huko ndiko nilikoambiwa jambo lililonichoma kuliko tiketi yako. Tulikuwa ndani ya maji, mimi na Ketill na Jófríður, na Jófríður ananiuliza kama nimelala vizuri, kwa ile sauti ya kumsemesha mgonjwa. Ketill akadhani ananisaidia.

"Kamati ya karamu ya Thorri imeshamaliza michezo yake," akasema. "Wewe usiwe na wasi, Hallbera. Humo."

"Simo?"

"Humo kabisa. Tumepitisha kwa kura."

"Na kasisi?"

"Kasisi yumo. Si aliteleza na gari likaingia kwenye banda la kuku?"

"Na paka wa Jófríður?"

"Aa, paka lazima. Alikula samaki wa maonyesho."

"Paka yumo, mimi simo?"

Ketill akazama mpaka masikioni. Jófríður akageuka kutazama mlima, na mlima wenyewe ulikuwa hauonekani.

Wewe umekaa huko miaka sita lakini hujasahau karamu ya Thorri, ile ya katikati ya majira ya baridi, ni nini. Hatuendi pale kwa ajili ya korodani za kondoo zilizochachuka, wala yule papa aliyevundikwa. Tunaenda kuona nani ameigizwa kwa upumbavu alioufanya mwaka mzima. Unakumbuka walipomwigiza baba akimbembeleza kondoo wa jirani usiku wa dhoruba akidhani ni wake? Alinuna siku mbili, kisha akatembea kifua mbele mpaka Pasaka. Mwaka jana mimi sikuwekwa kwa sababu ya msiba, na hilo nalielewa. Lakini kuachwa miaka miwili mfululizo, tena baada ya kufanya kituko kama kile! Hapa kwetu hufanyiwa hivyo marehemu peke yao.

Nilivaa, nywele mbichi, nikaenda moja kwa moja mpaka kantini ya kiwanda, ambako kamati hufanya mazoezi kwa siri. Nilikaa nje kwenye theluji saa nzima hadi walipoanza kukusanyika. Walipofunga mlango nikaufungua. Hodi sikupiga.

"Hallbera jamani," Jófríður akasema, "huku hairuhusiwi. Ni siri."

"Siri ni mimi, inaonekana. Kwa nini simo?"

"Tumekuonea huruma, mwenzetu."

"Huruma wapelekeeni kondoo! Mwanamke mzima kakaanga chapati sitini kwa ajili ya taa ya meli. Mngekaa hapa mwaka mzima mkiumiza vichwa msingetunga kichekesho kama hicho. Mmeletewa mlangoni, bado moto, na mmekifunika blanketi!"

Ketill alikuwa amevaa manyoya ya paka na hakujua aweke wapi mkia.

"Tulidhani kichwa chako kimeanza..." Jófríður akasema, akaishia hapo.

"Kimeanza nini? Malizia."

"Kimeanza kuondoka."

Basi nikawapa vidonge vyao. Nikawaambia kichwa changu kiko hapa, na wasipokitaka nitakaa nacho mwenyewe. Nikawaambia niliuona mwanga kwenye msumari wa mume wangu na nikataka uwe jua, nikataka kwa moyo wote, kwa sababu mwaka jana nililikosa na mwaka kabla ya hapo nililiona naye. Hamu si wazimu. Nikawaambia wanicheke kama wanavyowacheka watu, au waniambie waziwazi kwamba nimekwisha. Kisha nikavua aproni yangu ya maua, ile ya jikoni, niliyokuwa nimetoka nayo nyumbani ndani ya koti, nikaiweka mezani mbele ya Ketill.

"Kama ni wewe unayeniigiza," nikamwambia, "ifunge kwa nyuma, si kwa mbele. Mimi si mchinjaji."

Eydís alifika Ijumaa kunifungia mizigo. Nilimwacha afunge. Jumamosi saa moja jioni nilibeba sinia langu la mbao lenye nyama na samaki, nikamshika mkono, tukaenda ukumbini. Nilikaa meza ya mbele.

Walimwigiza kasisi, watu wakacheka. Walimwigiza paka, wakacheka. Halafu Ketill akaingia na aproni yangu na mwiko, ndevu zake zote nje, akashika simu: "Jua limetoka! Leteni vikombe!" Wakaingia wageni kumi na mmoja wamevaa nguo za kuogelea na miwani ya jua, meno yanagongana, na nyuma yao Jófríður amejifunga taa kichwani, anatembea upande upande kama meli. Na ukumbi mzima, watu mia na ishirini, ukanyamaza. Wote walinigeukia mimi. Eydís alinishika kiganja kwa nguvu. Nilijua kwamba wakiendelea kunyamaza hivyo, kesho yake nitapanda ndege mwenyewe bila kusukumwa.

Nikasimama. "Ketill!" nikapiga kelele. "Mimi sina tumbo hilo! Na chapati hugeuzwa kwa mkono wa kulia, mzembe wewe!"

Kwanza alicheka kasisi, kwa sauti yake ya mbuzi. Kisha ukumbi ukapasuka. Watu walipiga meza mpaka kichwa cha kondoo kikatoka kwenye sinia kikaanguka sakafuni. Ketill akaanza kugeuza chapati kwa mkono wa kulia, akaitupa, ikamwangukia Jófríður kwenye taa, nami nikacheka mpaka nikaegemea ukuta. Ingileif, miezi kumi na tano sijacheka hivyo. Nilisikia kicheko changu nikadhani ni cha mtu mwingine aliyeingia ukumbini. Eydís alifuta machozi kwa kitambaa cha meza. Usiku ule hakutaja tiketi.

Lakini asubuhi ya jana aliitaja. Jana ndiyo ilikuwa siku yenyewe ya jua, tarehe ishirini na sita. Masanduku mawili yalikuwa mlangoni. Nje theluji inamwagika, huoni hata gati. "Mama, hujachelewa kuondoka," akaniambia kwa upole. "Karamu ni siku moja. Giza lina wiki ngapi?" Nilikoroga unga, nikaweka kikaango jikoni. Saa saba ikafika. Ukuta ulikuwa ukuta tu. Saa saba na robo, saa saba na nusu. Kofia ya Bergsveinn imening'inia pale pale kwenye kivuli. Sikufichi kitu: ule uzito wa mwaka jana niliuhisi unanipanda kutoka miguuni, na niliutazama mlango wa chumba cha kulala.

Hapo mwanga ukaja. Ukutani, juu ya msumari, wa manjano, mpana.

Mimi nilifunga mdomo. Nimeshaungua mara moja. Nilishika mwiko wangu nikakaa kimya kama mtu aliye kanisani. Lakini Eydís, mwanangu msomi, aliyekuja kunitoa hapa kwa sababu siwezi kutofautisha jua na taa, akaruka mpaka kiti kikaanguka.

"Mama! Mama, jua! Jua limetoka!"

Na nje kikalipuka kicheko. Nilifungua mlango. Mtaa mzima ulikuwa umesimama kwenye theluji mpaka magotini, vikombe mkononi, na mbele yao Ketill kapakia kurunzi ya mashua yake kwenye kigari cha theluji, kaielekeza dirishani kwangu.

"Tumechoka kulisubiri, bibi wee!" akapiga kelele. "Tumekuletea letu. Chapati ziko wapi?"

Nilikaanga mpaka unga ukaisha. Walikaa sakafuni, ngazini, juu ya masanduku aliyoyafunga Eydís. Kurunzi ilibaki inawaka pale nje mpaka betri ikafa. Eydís alikuwa mwekundu kama nyanya, na Jófríður aliomba karatasi na kalamu pale pale mezani, maana mchezo wa kwanza wa mwakani ameshaupata. Eydís amesema lazima awepo kuutazama. Leo asubuhi ameondoka na sanduku lake mwenyewe. La kwangu ameliacha, tupu, juu ya kabati.

Kwa hiyo tiketi yako naiweka humu ndani ya bahasha. Usikasirike sana. Chumba changu wape wageni wengine, au mpe Ormur akapoze mabega yake. Ukitaka kuniona, njoo wewe Novemba, siku ile jua linapoondoka, tulifungie mlango pamoja. Ila uje umevaa vizuri, kwa sababu ukishuka ndege na zile kandambili, utaingia kwenye mchezo kabla hujafika nyumbani.

Nisalimie Ormur sana, na mwanao Kári na mkewe, na yule jirani yako mwenye kasuku. Ketill anakusalimu, anasema bado unadaiwa jibu la mabishano mliyoyaacha bwawani miaka sita iliyopita. Eydís anakubusu na anaomba usimwambie mtu. Mwambie kila mtu.

Mungu akulinde wewe na wako, akupe magoti ya kuendea unakotaka na ubishi wa kutosha kukaa unakopenda.

Leo pia kuna mawingu. Jua lenyewe bado halijatoka. Likija litanikuta nimeshakula.

Dada yako akupendaye, aliye nyumbani kwake,
Hallbera